Komeo la Upande wa Kike

Bwana Zahran aliingia dukani kwangu, Ibra,
akaweka kibali cha polisi juu ya meza,
juu ya kibali miwani, juu ya miwani kidole.
"Jicho la kulia limekwisha," akasema.
"Ukungu mtupu, kama kioo cha bafuni.
Niundie bunduki ya kushoto.
Mwakani, nikijaaliwa, naenda Rungwa kwa mbogo."

Ana miaka sitini na sita.
Tangu utoto bega lake ni la kuume.
"Utajifunza lini?" nikamuuliza.
"Wewe chonga," akasema. "Mimi nitajifunza unachonga."

Miezi saba nikingoja chuma kutoka Ujerumani:
mwili wenye komeo kushoto,
mlango wa kutemea maganda kushoto,
na mtutu mzito, tundu lake
linameza kidole cha mwisho cha mtoto.
Mbao nilikuwa nayo. Jozi, kipande kimoja,
kimelala chini ya kitanda tangu mke wangu yu hai,
kina mistari kama chai inayomwagiwa maziwa.
Jozi, nao mmoja tu. Nikacheka peke yangu.

Kwa wateja nasema Kiarabu.
Kwa tupa na randa nasema Kiswahili,
chuma hakinielewi vinginevyo.
Taratibu, mama. Usinikwaruze. Haya, ingia.
Kitako nilikipinda kwenda kushoto, unene wa kibiriti,
shavu la mbao nikaliacha upande wa pili
ili shavu lake la kushoto lipate pa kulala.
Mafuta ya kitani kwa kiganja, tabaka kumi na nne,
kila moja siku yake, na kiyoyozi kimezimwa
vumbi lisije likaganda.
Mwezi wa saba huo. Jasho langu limo mle ndani.

Sasa nitasema jambo ambalo sikumwambia.

Wete, chuoni, Maalim Khelef
alinifunga mkono huu kwa pindo la kanga ya mama.
Mkono wa kike, alisema. Wa chooni.
Andika kwa huu wa kulia.
Kwa nini unaitwa kulia, maalim?
Kwa sababu ndio wa kulia chakula.
Nami niliandika kwa kulia
alifu mpaka ye, ubao mzima,
huku nalia.
Kanga ilifunguliwa baada ya mwaka.
Mkono haukudai kitu tena.
Ulishika msumari wenzake wapige nyundo.

Bunduki haitoki dukani haijajaribiwa.
Bwana Zahran yuko Maskati kwa daktari wa macho,
mwanangu wa kuume, jirani wa kuume.
Nikaenda wadini peke yangu baada ya alfajiri,
mfuko wa mchanga, karatasi, hatua mia,
pamba masikioni.

Nilidhani nitababaika.
Mkono ukapanda wenyewe, ukafunga komeo,
kidole kikakaa kwenye kifyatulio
kama mtu aliyerudi nyumbani usiku
asiyehitaji taa kujua mlango uko wapi.

Teke lake, wallahi, la punda.
Mbuzi wa ng'ambo wakatawanyika,
mawe yakarudisha sauti mara mbili,
ganda likaruka kushoto, mbali na uso wangu,
likaanguka mchangani likifuka.
Nikapiga tena. Nikapiga ya tatu,
na ya tatu, Mungu anisamehe, haikuwa ya lazima.

Bwana Zahran aliishika karatasi karibu na jicho zima.
Matundu matatu, yote yangefunikwa na kombe la kahawa.
"Nani ameijaribu?"
"Mtu mmoja wa Wete."
"Namjua?"
"Hapana. Mdogo bado."
Akalipa. Hakuomba kupunguziwa hata baisa,
nami nikamwonyesha bega liwekwe wapi.

Usiku nikala wali wangu kwa kulia, kama kawaida.
Wa kushoto ulikaa pajani, umetulia,
bado unanuka baruti.
Sikuuosha mpaka isha.